Kichupa cha Dereva

Ijumaa, tarehe 25 Oktoba 2019. Manyunyu tangu alfajiri, upepo wa kaskazini, na ukungu umeshuka hadi nusu ya kilima.

Eck Mutch aliamka mapema, akavaa koti alilolivaa mara ya mwisho kwenye harusi ya binti yake, akafunga tai, akashuka jikoni. Mkewe, Nan, alikuwa anakoroga uji.

"Unakwenda kumzika nani?" akauliza Nan bila kugeuka.

"Nakwenda Balnadrum."

"Umekwenda Balnadrum miaka ishirini na miwili, sijakuona hata siku moja umefunga tai."

"Nilikuwa nakwenda kama dereva. Leo nakwenda kama mgeni."

Nan akageuka akamtazama juu mpaka chini. "Mgeni! Mtu ambaye moshi wa kiwanda unaingia kwake kwa dirisha la choo! Haya, kaa ule, mgeni wetu. Na ukirudi tuzungumze habari ya banda."

Habari ya banda ilikuwa ya zamani, na haielezeki bila kueleza kwanza habari ya vichupa.

Balnadrum ni kiwanda kidogo cha wiski, nyuma ya kilima kinachoonekana kutoka jikoni kwa Nan. Kiangazi kizima watalii huja kuzungushwa humo, na wakimaliza huketishwa katika chumba chenye dirisha kubwa wakamiminiwa glasi moja moja. Dereva hamiminiwi. Sheria ya Scotland juu ya madereva na pombe haina mzaha. Kwetu husemwa kwamba dereva akiota amekunywa, heri aamke ajipime kwanza. Lakini kumtoa mtu mikono mitupu ni aibu, kwa hiyo kiwanda humpa dereva kichupa kilichofungwa, saizi ya kidole gumba, akanywee kwake.

Eck alikuwa dereva wa basi la watalii. Kwa kuwa karibu kila asubuhi alikuwa na basi la kuendesha, hata jioni hakuthubutu kunywa. Alionja wiski za kawaida siku ya mwaka mpya na kwenye harusi za ndugu, basi. Vichupa vya Balnadrum alivipanga kwenye rafu za banda nyuma ya nyumba, safu juu ya safu, na hakufungua hata kimoja. Alikuwa amejiwekea nadhiri: tone la kwanza la Balnadrum atalinywa Balnadrum kwenyewe, pale inapopikwa, ameketi kama watu wengine waliolipa. Baada ya hapo ndipo atavigeukia vichupa.

"Viazi vyangu vya mbegu vinalala chini ya kitanda cha wageni," Nan alikuwa akisema kila vuli, "na wiski ya bwana imelala penye rafu, kavu, kama mtoto wa mfalme. Inywe, au imwage, au nitawapa kuku."

"Ngoja nistaafu," Eck alikuwa akijibu.

Sasa alikuwa amestaafu, Ijumaa iliyotangulia. Kampuni ilimpa saa ya ukutani na kiti kimoja cha bure katika safari ya mwisho ya msimu. Safari yenyewe ndiyo hii. Ikimpita, basi halingekwenda tena Balnadrum mpaka majira ya machipuko, na kiti cha bure hakikuwa cha majira ya machipuko.

Dereva mpya aliitwa Murdina, mama wa makamo kutoka kisiwa cha Lewis, aliyeendesha basi la shule maisha yake yote. Mtu aliyezoea kubeba watoto sitini wenye njaa hawezi kutishwa na watalii kumi na wanne wenye miavuli. Lakini hakuwa amezoea kumbeba Eck. Eck alikaa kiti cha nyuma yake kabisa, na kabla hawajatoka kijijini mguu wake wa kulia ulikuwa umekwisha kukanyaga breki isiyokuwapo mara kadhaa.

"Kona hii inadanganya," alisema.

"Naiona, Eck."

"Inaonekana kama imekwisha, kumbe bado."

"Kama wewe," akasema Murdina, na abiria wa mbele wakacheka.

Kona ikapita. Kisha Eck akainama tena. "Kwenye daraja, kondoo wa Geddes hupenda kulala upande wa kushoto."

"Eck, mwanangu, nisimame uje uendeshe?"

"Hapana, hapana! Leo mimi ni mgeni." Akaegemea nyuma, akaangalia mandhari. Miaka yote hiyo hakuwahi kujua kwamba ule mto wa darajani ulifuatana na barabara upande wa kushoto.

Mlangoni pa kiwanda alisimama Elspet Riach, mwongoza wageni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Yeye na Eck walianza kazi mwaka mmoja.

"Eck Mutch! Mbona umevaa kama shahidi mahakamani?"

"Sema na mimi kwa adabu. Mimi ni mgeni."

"Haya, mgeni, karibu. Futa miguu. Usiguse kitu. Maswali baadaye."

Basi Eck akaingia ndani na wengine kwa mara ya kwanza. Miaka yote, wageni wakizungushwa, yeye alikuwa jikoni akila biskuti za siagi. Mwishoni kabisa ndipo aliingia chumba cha kuonjea, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akawa anaangalia saa ili watu wakumbuke treni. Kwa hiyo alijua mwisho tu wa kila jambo la Balnadrum. Alijua, kwa mfano, kwamba Elspet akiwakumbusha wageni mwisho wa kisa chake, "Basi ng'ombe akalala palepale, na mkaguzi wa serikali akamfunika kwa koti lake," watu wote hucheka mpaka wafute machozi. Kwa nini ng'ombe, na kwa nini koti, hakuwahi kuuliza.

Leo, mbele ya mapipa makubwa ambamo shayiri iliyosagwa huchachuka, Elspet alianza: hapo zamani mlango uliachwa wazi, akaingia ng'ombe wa jirani, akanywa mchanganyiko mpaka akashindwa kukumbuka miguu iko mingapi. Mkaguzi wa serikali akafika kupima kiasi kilichopungua ili kitozwe kodi. Walipomaliza kucheka wote, na Elspet ameshafungua mlango wa chumba cha pili, ndipo kicheko cha Eck kikalipuka peke yake nyuma.

"Kumbe ng'ombe ndiye aliyekunywa!" alisema, akijishika mbavu. "Elspet! Kumbe ndiye aliyekunywa!"

"Nani mwingine, Eck?"

"Mimi miaka yote nilidhani alikuwa mgonjwa!"

Mholanzi mmoja mrefu aitwaye Joost, aliyekuwa akiandika kila kitu, alisita, akaandika na hilo.

Wakaona mitungi ya shaba ya kupikia wiski, yenye shingo ndefu, ya moto kama jiko la mkate. Wakaona ghala lenye giza ambamo mapipa hulala miaka bila kusumbuliwa. Eck aliweka kiganja kwenye pipa moja akalipapasa kama mtu anayemsalimu farasi.

Sasa lazima tumrudie Elspet, maana kosa lilikuwa lake, kama kosa linaweza kuwa la mtu aliyefanya kila kitu kwa upendo.

Asubuhi ile alikuwa ameomba ruhusa ya kufungua chupa ya wiski iliyokaa ndani ya pipa miaka thelathini na mmoja, ili wageni wote wamnywee Eck afya. Kukawa na tatizo moja: Murdina. Afya ya mtu hainywewi kwa chai. Kwa maji ndiyo kabisa. Huko Lewis anakotoka Murdina, kumtakia mtu heri kwa maji ni kumtakia afe baharini. Elspet akapata akili. Alinunua juisi ya matofaa kwenye duka la kijiji, rangi ileile ya dhahabu, akaimimina kwenye glasi ileile ndogo yenye shingo, akaiweka kwenye kiti cha dereva, karibu na mlango. Ile ya miaka thelathini na mmoja, ya Eck, akaiweka kati, kwenye kiti kinachotazama mitungi, pamoja na kikaratasi 'Kimeshikwa'. Murdina alipoteremka kwenye basi, alimnong'oneza: "Yako ni juisi. Ukiona tumeinua, inua, unywe yote mara moja kama wengine. Usituaibishe."

"Sijawahi kumwaibisha mtu," alisema Murdina.

Wageni wakaingia chumba cha kuonjea wakigombania viti. Eck aliingia nao, akiwaza glasi yake, wala hakuwaza miguu yake. Miguu ikampeleka ilipozoea kumpeleka. Akaketi karibu na mlango, akatazama saa. Murdina aliingia mwisho akakuta kimebaki kiti kimoja tu, cha katikati. Akashukuru, akakaa.

Elspet akatazama chumba kizima. Akamwona Eck karibu na mlango, pale pale alipozoea kumwona kwa miaka ishirini na miwili, akaridhika kwamba kila kitu kipo mahali pake.

"Simameni," alisema. Wakasimama. "Mtu huyu ametuletea nusu ya dunia kupitia kona zile, wala hajamtumbukiza hata mmoja mtoni. Na hajawahi kuonja tunachopika. Eck, hii ina miaka thelathini na mmoja, na leo ni zamu yako. Afya!"

"Afya!"

Murdina, kwa kuwa ni juisi, na kwa kuwa ameambiwa asiaibishe mtu, aligeuza glasi ikaisha kwa mkupuo mmoja. Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu. Macho yakajaa maji. Akaketi polepole, midomo imefumbwa, mikono magotini, kama mtu anayesikiliza mahubiri makali.

Hakuna aliyemwona, maana wote walikuwa wanamtazama Eck.

Eck alifumba macho, akanywa. Akaiacha ikae mdomoni. Alikuwa anangoja moto, ule moto wa wiski za harusini unaoshuka ukivunja vyombo njiani. Haukuja. Ilipita kooni laini, tamu, baridi kidogo. Akaelewa palepale: kumbe ndivyo ilivyo wiski ya wenyewe! Miaka thelathini na mmoja gizani imeufanya ukali wake uzeeke, ukafa. Ndiyo maana watu wanalipa.

"Unasikia nini, Eck?" aliuliza Elspet kwa sauti ndogo.

Chozi likamshuka Eck. "Tofaa," alisema.

Chumba kizima kikaguna kwa ridhaa. Miaka yote Eck alikuwa amewasikia watu wa mataifa wakilitaja tofaa hilo wakitoka mlangoni, akidhani ni maringo.

"Tofaa kabisa," akasema Joost, akiandika. "Mimi pia."

"Tofaa lililoiva," akasema mkewe.

"Lililoiva juani," akaongeza mzee mmoja wa Wales aliyekuwa bado anakohoa.

"Wala haichomi," alisema Eck. "Haichomi hata kidogo!"

Hapo wageni wakatazamana, kwa kuwa koo zao zilikuwa zinawaka, lakini nani angekuwa wa kwanza kusema? Wakatikisa vichwa. Haichomi, walikubali. Hata kidogo.

Ukweli ulijulikana nje, kwenye manyunyu, watu wakiwa wamepanga mstari kuingia basini. Murdina alikuwa amesimama mlangoni pa basi, funguo mkononi, hapandi.

"Elspet," alisema taratibu. "Mimi nimekunywa juisi maishani mwangu. Ya machungwa, ya matofaa, hata ya karoti. Ile haikuwa juisi."

Elspet alikimbia ndani, akainua glasi ya karibu na mlango, akainusa. Akainua ya katikati, akainusa. Akatoka nje amekamata zote mbili.

"Eck. Umekaa wapi?"

"Kwenye kiti changu."

"Kiti chako kilikuwa katikati!"

"Tangu lini?"

"Mungu wangu. Eck, umekunywa juisi ya dukani."

Eck alimtazama, akamtazama Murdina, akaitazama ile glasi.

"Lakini amesema tofaa!" akasema Joost.

"Si ilikuwa tofaa, baba!" Elspet akampigia kelele. "Wewe ndiye uniambie ulilisikia wapi!"

Joost akafunga daftari lake.

Elspet hakupoteza muda. Chupa ilikuwa na kiasi. Akaileta, akammiminia Eck pale pale nje, chini ya mwavuli wa mtu, glasi safi, ya kweli sasa, na harufu yake ikapanda puani mwa Eck, nayo haikuwa harufu ya tofaa hata kwa mbali. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Treni ya Inverness ni saa ngapi?" sauti moja ikauliza nyuma.

"Saa kumi na mbili kasorobo, kutoka stesheni ya Keith," Eck akajibu kwa mazoea. "Ndiyo ya mwisho ya kuwawahisha wenye ndege ya usiku."

Murdina alikuwa ameketi kwenye ngazi ya basi. "Mimi siendeshi," alisema. "Nikikamatwa, leseni imekwenda, na mimi nina miaka kumi mbele yangu. Nimepiga simu ofisini. Dereva wa kutoka Elgin atafika baada ya muda wa saa mbili. Wanasema," akasita, "wanasema Eck bado yumo kwenye bima mpaka mwisho wa mwezi."

Watu wote hapo, kuanzia Elspet hadi wapishi wa mitungi waliokuja kuchungulia, walikuwa ama wamekunywa, ama hawana leseni ya basi. Mtu mmoja tu alikuwa na leseni na tumbo lenye juisi.

Eck aliitazama glasi kwa muda mrefu. Mzee wa Wales alivua kofia.

"Nani ana ndege?" Eck akauliza.

Mikono sita ikainuka, kwa aibu.

Eck akavuta harufu ya ile glasi mara moja, kwa pumzi ndefu, akamrudishia Elspet. "Funguo," akamwambia Murdina.

Elspet aliingia ndani, akatoka na kitu kwenye kiganja, na alipokitoa hakuweza kumtazama machoni. Kilikuwa kichupa kilichofungwa, saizi ya kidole gumba.

"Ndiyo sheria," alisema.

"Najua sheria," alisema Eck, akakitia mfukoni mwa koti la harusini.

Murdina alikaa kiti cha nyuma yake kabisa. Wiski ya miaka thelathini na mmoja ilikuwa imemfungua ulimi.

"Kona hii inadanganya," alisema.

"Naiona."

"Inaonekana imekwisha, kumbe bado."

Basi zima likaangua kicheko, na Eck naye akacheka, ingawa si sana. Treni waliiwahi. Joost alimshika mkono dirishani akamwambia atamtumia matofaa kutoka Uholanzi.

Nan alimngoja jikoni. "Ehe? Ikoje?"

"Juisi," alisema Eck, akaweka kichupa mezani, akamsimulia yote. Nan alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi na aproni usoni. Alipoona mumewe hacheki, akanyamaza.

"Kesho wanafungua?" aliuliza.

"Mpaka saa sita mchana. Halafu ndiyo basi, mpaka majira ya machipuko. Lakini nitafikaje? Basi limemaliza msimu. Nikienda na gari letu, dereva ni mimi tena. Na wewe huna leseni."

Nan akainuka, akafungua pazia la jikoni. Ukungu ulikuwa umeondoka.

"Eck Mutch. Kile ni nini?"

"Kilima."

"Na nyuma yake kuna nini?"

Eck alikitazama kilima. Alikitazama kwa muda ambao uji ungeweza kuiva.

"Kipo pale tangu uliponioa ukanileta hapa," alisema Nan. "Kina njia. Kondoo wanaijua."

"Sikuwahi kufikiria," alisema Eck, "kwamba Balnadrum inafikika kwa mguu."

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa limetoka kidogo, Elspet alikuwa anafagia mlangoni alipowaona watu wawili wakishuka kilima kwa makalio mahali penye utelezi, mmoja na fimbo, mwingine na kikapu cha mkate na jibini. Hakuuliza kitu. Alikwenda kutoa chupa.

Eck aliingia, miguu ikaelekea karibu na mlango. Nan akamdaka kwa mkono wa koti, akamburuta mpaka katikati, akamkalisha. Elspet akamimina. Eck akanywa.

Moto ulishuka ukivunja kila kitu njiani. Alikohoa, akapigapiga kifua, machozi yakamtoka, akatazama mitungi ya shaba dirishani ikimeremeta.

"Unasikia nini?" akauliza Elspet.

Eck alifikiri kwa uaminifu. "Tofaa," alisema, "hakuna hata kokwa."

Nan akaichukua glasi, akaonja, akakunja uso kama aliyelamba betri. "Viazi vyangu vinaingia bandani leo," alisema. "Vichupa vitakwenda chini ya kitanda."

"Viende," alisema Eck. Akajisogeza vizuri kwenye kiti, akainyoosha miguu yake yenye matope chini ya meza, akamwomba Elspet amsimulie Nan ile ya ng'ombe, tangu mwanzo.